Silinda ya Pili na ya Tatu

Habari ya kifo cha baba mkwe ilinikuta jikoni nikichambua mchele. Kahindi, mume wangu, alisimama mlangoni na simu mkononi, akasema, "Baba amefariki huko Mariakani, alfajiri," kisha akatoka uani bila kungoja nimjibu. Nilimsikia akiwapigia watu wengine, sauti yake ikirudia maneno yale yale kwa kila aliyepokea. Mimi niliendelea kuchambua. Nilitoa kijiwe, nikatoa kingine, nikamaliza ungo mzima, nikaanza upya mchele ule ule uliokwisha kuwa safi, maana nilijua nikiinuka tu nitalazimika kuwa mkaza mwana anayelia, na kilio chenyewe sikuwa na haki nacho. Kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nimeuzunguka kama mtu anavyozunguka kisima kisichofunikwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa nina wajukuu, na mtu aliyenisitiri amekufa, na nikifa nami bila kuuandika, uongo wangu utabaki peke yake duniani ukisimuliwa kama habari ya kweli ya ukoo huu.

Niliolewa mwanzoni mwa mwaka huo, nikaletwa boma la kina Kahindi, upande wa Ganze, ambako barabara ya vumbi huteremka kwenda Kilifi. Kilichonishangaza kwanza ni harufu. Jiko lilikuwa la udongo na makuti, na hatua sita kutoka mlangoni pake ilisimama pikapu ya kijani iliyofunguliwa boneti, hivyo mchuzi wa nazi na petroli vilikaa hewa moja, na mpaka leo nikikuna nazi pua yangu hutafuta petroli. Baba mkwe alikuwa fundi wa injini. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge, kisha akarudi nyumbani na sanduku la spana na geji moja ya kupimia kompresheni, aliyoifunga kwa kitambaa cha flana kama watu wafungavyo dhahabu. Watu walimletea magari, matrekta, hata mashine za kusagia, pale pale uani. Jina lake lilikuwa Karisa, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika. Kwa kinywa sijalitaja hata leo. Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hakalii kiti chake, haanzi yeye mazungumzo naye, wala hambishii mbele ya watu. Naye ana haya zake: haingii jikoni mkaza mwana anapopika. Akiwa na neno husimama upenuni, uso kaugeuzia shambani, akauliza, nami nikajibu nikitazama moto. Hivyo ndivyo tulivyozungumza mwaka mzima, na nadhani sijapata kuzungumza na mtu kwa ukaribu zaidi.

Kupima kompresheni kulihitaji watu watatu, na wa tatu nilikuwa mimi. Kwanza injini iliachwa ingurume hadi ishike joto lake la kazi. Kisha plagi zote nne zilitolewa na kupangwa kwa mfuatano juu ya gunia, waya wa koili ukachomolewa ili injini isiwake, na geji ikakazwa kwenye tundu la silinda ya kwanza. Kahindi, aliyekaa kwenye usukani, alikanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Injini ilihema mara nne, mara tano, na kwa kila pumzi mshale wa geji uliruka hatua moja juu mpaka ukasimama. Pale uliposimama ndipo palipoonyesha silinda ile inaushika upepo kwa nguvu ya paundi ngapi bila kuuvujisha. Baba aliinua geji hadi karibu na pua, akatamka namba kwa sauti kubwa, nami niliyesoma hadi kidato cha nne nikaiandika kwenye daftari. Siku ya kwanza alitamka mia na arubaini. Nilikuwa nyuma ya bega lake, na mshale ulikuwa kwenye mia na kumi. Nilidhani nimekosea. Silinda ya pili akatamka tena mia na arubaini, na mshale ulikuwa mia na thelathini na tano. Ndipo nilipoacha kutazama geji nikatazama uso wake, nikaona macho yana ukungu mweupe katikati, rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Niliandika nilichokiona. Jioni, nikiwa napaka ukoko wa sufuria jivu, nilisikia kikohozi upenuni.

"Mwanangu."

"Bee, Baba."

"Umeandika ngapi?"

"Ya kwanza mia na kumi. Ya pili mia na thelathini na tano. Mbili za mwisho mia na arubaini."

Nilisikia akivunja kijiti mkononi. "Vidzo," alisema, kwa Kigiriama chake, ni vizuri, akaenda zake. Kesho yake alirudia silinda ya kwanza kwa kuitia kijiko cha oili, mshale ukapanda, akamwambia mwenye gari kuwa ringi zimeisha, na yule mtu akaondoka akimsifu. Hatukupanga jambo lolote. Hakuniambia haoni, nami sikumwambia najua. Lakini tangu siku ile kila aliyeleta gari alisikia namba za Baba mchana, na gari likatengenezwa kwa namba zangu, na baina ya namba hizo mbili palikuwa na lile swali la jioni. Niliona fahari. Naikiri kwa kuwa ndiyo iliyonipofusha mimi: nilijiona macho ya mtu mkubwa, nikasahau kuwa macho hayangoji kuulizwa.

Mwezi wa tano alikuja Sidi, dada yake Kahindi. Alikuwa mjamzito mara ya tatu. Wale wawili wa kwanza alijifungua kwa kina mumewe, mbali na hospitali, na wote wawili hawakulia. Mumewe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Bofa, akipata ruhusa mara moja kwa mwezi, basi safari hii mavyaa, mama yake Kahindi, alimtaka bintiye azae kwake. Tulilala chumba kimoja, mimi na Sidi, Kahindi akafukuziwa sebuleni, na tulicheka usiku na mchana kama wasichana wa bweni. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na alikuwa akila udongo wa kuchoma kwa siri, akidhani simwoni.

Namba zilipopishana, Baba alitaka kujua upepo unatorokea wapi. Alikuwa na plagi kuukuu aliyoitoboa katikati na kuiunga na mpira wa pampu ya mguu. Pistoni iliinuliwa hadi juu, valvu zote zikiwa zimefunga, pampu ikaunganishwa, na boma zima likaamriwa kunyamaza. Kuku walifukuzwa. Kila mmoja wetu alipewa tundu lake. Mavyaa alipiga magoti nyuma, sikio kwenye bomba la moshi, maana upepo ukisikika pale, valvu ya moshi haifungi. Mimi nilikaa kwenye mdomo wa oili. Ukisikika hapo, ringi zimeisha. Kahindi alitega sikio kwenye kabureta, kwa valvu ya kuingiza. Sidi, asiyeweza kuinama, alisimama akitazama maji ya rejeta kama yatatoa viputo. Na Baba mwenyewe aliweka kiganja juu ya matundu ya silinda zilizobaki. "Upepo ukitokea kwa jirani," alituambia, "ukuta wa gasketi baina yao umeungua. Huo hauna adabu. Utakupeleka sokoni leo, utakupeleka kesho, siku unayolitaka gari utakuacha njiani."

"Miaka thelathini ya ndoa," mavyaa alisema huko nyuma, "na bado naletwa kusikiliza matako ya gari."

"Mama, unasikia nini?" Kahindi aliuliza.

"Namsikia babako anavyohema kwenye pampu. Yeye ndiye anayevuja."

Sidi alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akanivuta kichwa akakibandika pale. "Nisikilize na mimi, wifi Kadzo. Silinda ngapi humo?"

"Moja."

"Inashika?"

"Inapiga teke."

Hata Baba alicheka, amegeuza uso. Nikiulizwa leo furaha ni kitu gani, nitataja asubuhi hiyo, watu watano wamebandika masikio kwenye chuma, hakuna anayesema, tukisikiliza pumzi.

Wiki tano kabla ya siku za Sidi, alikuja ami wa mumewe, Mzee Charo, akiwa na wazee wawili wa upande wao. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa kalamu mfukoni. Alitandikiwa mkeka, akapewa mnazi, akaunywa kwa mrija bila haraka, na alipomaliza akaeleza shida yake. Watoto wawili wamepotea. Huyu wa tatu ukoo wake hautamwachia barabara ya Ganze. Amepata chumba cha kupanga karibu na hospitali Kilifi, na Sidi aende akakae huko mpaka azae.

"Peke yake?" mavyaa aliuliza kutoka mlangoni. "Mwanangu akandwe na nani huko, na ukuta?"

"Mama, sikuja kukosana. Nauliza gari tu. Siku ikifika, mtampeleka na nini?"

"Na hiyo hapo," Baba alisema.

"Ni nzima?"

"Ipimwe. Mbele yako."

"Basi hivyo," alisema Mzee Charo. "Ikiwa nzima, binti abaki kwa mamake. Ikiwa si nzima, naondoka naye leo hii hii, na nguo zake."

Sidi alinishika mkono. Hakutaka kwenda. Usiku uliotangulia aliniambia kuwa anaota chumba chenye dirisha dogo na watu wanaozungumza nje bila kumfungulia.

Injini ilipashwa moto, plagi zikatoka. Nikasimama mahali pangu nyuma ya bega la Baba, daftari mkononi, wazee watatu wakiwa upande wa pili wa boneti. Silinda ya kwanza, mshale ulipanda hadi mia na hamsini, naye akatamka mia na hamsini, na moyo wangu ukatulia. Silinda ya pili ulisimama kwenye tisini. Baba aliileta geji puani, akasema mia na hamsini. Ya tatu ulisimama themanini na tano. Mia na hamsini. Ya nne ilikuwa mia na hamsini kweli, naye akaitamka kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Mbili za pembeni nzima, mbili za katikati zimeanguka pamoja. Sikuhitaji pampu. Ukuta baina ya ya pili na ya tatu ulikuwa umeungua. Niliandika nilichokiona, tisini, themanini na tano, kwa sababu jioni ataniuliza, na gasketi ni kazi ya siku mbili, na tulikuwa na wiki tano.

"Fundi," Mzee Charo alisema, "watoto wako wote wanne wamepata alama sawa. Shuleni tungesema wametazamiana." Wenzake walicheka. Kisha akanyoosha kidole. "Hebu mwandishi atusomee."

Nimekaa na dakika ile miaka mingi, nimeigeuza pande zote. Kwenye daftari palikuwa na ukweli kwa mwandiko wangu. Mbele yangu palikuwa na wageni wa heshima, wakwe, wanangoja. Pembeni palikuwa na baba mkwe, kichwa ameinamisha, kitambaa cha flana mkononi, naye hakunitazama, asingeweza. Kusoma tisini kulikuwa sawa na kumvua shuka yake mbele za watu: kumwita mwongo au kipofu, mojawapo, kwa kinywa cha mke wa mwanawe. Mtu asiyelelewa kwetu atasema ni jambo dogo. Kwetu mwanamke afanyaye hivyo hasahauliki, na mtu aliyefanyiwa haketi tena na wenzake. Nikasoma. "Mia na hamsini. Mia na hamsini. Mia na hamsini. Mia na hamsini." Nilisoma kwa sauti safi, kama niliyosomea shuleni. Mzee Charo alitikisa kichwa kukubali, akaomba mrija tena. Kwa kuwa namba zililingana, pampu haikutolewa. Sidi aliingia ndani akaanza kufungua nguo zake alizokwisha kufunga.

Jioni nilipika sima na mboga ya mchunga, nikakaa karibu na upenu kuliko kawaida. Nilimsikia Baba akiwasindikiza wageni, nikamsikia akirudi. Hatua zake zilipita jikoni bila kusimama. Nilipakua, tukala, nikaosha vyombo polepole. Hakukohoa. Ndipo nilipopita nyuma ya nyumba kumwaga maji, nikawasikia kupitia ukuta, yeye na mavyaa.

"Nimeuona," alikuwa akisema. "Leo nimeuona mshale, mama Kahindi."

"Nilikwambia asali itasaidia. Umenipigia kelele kila ninapokudondoshea machoni."

"Mara zote nne. Si umemsikia Kadzo? Namba yangu na yake, neno kwa neno. Miezi sita hatujalingana hata siku moja."

"Na ni asali yangu iliyowalinganisha, hunihesabii?"

"Nimeuona, wewe mwanamke," alisema, na akacheka. Sijawahi kusikia mtu mzima akicheka vile, chini chini, kama anayeogopa kuiamsha bahati.

Nilisimama na karai tupu. Kumbe hakuniuliza kwa sababu hakuona cha kuuliza. Alikuwa amekisia kwa matumaini, nami nikamsomea matumaini yake, na kwake hiyo ilikuwa shahada ya kuwa amepona. Nilijiambia nitamwambia kesho. Lakini haya zetu hazikunipa mlango. Mimi si wa kuanza neno, na yeye haji upenuni. Ningeweza kumwambia Kahindi. Kahindi alikuwa akingoja kwa hamu siku ya kumnyang'anya babake spana zile, na nilijua angemwambiaje. Ningeweza kumwambia Sidi, nikamwona amelala, mguu mmoja nje ya shuka. Kesho ikaja. Pikapu ikaenda sokoni ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi. Kila iliporudi nilipata ruhusa ya siku moja zaidi, mpaka nikaanza kuamini kuwa labda mshale ndio ulioongopa.

Chupa ya uzazi ya Sidi ilipasuka asubuhi, wiki mbili kabla ya siku zake. Tulitandika godoro nyuma ya pikapu, mavyaa upande mmoja, mimi upande mwingine, Kahindi akaendesha. Baba alibaki, kwani mwanamume hasafiri na bintiye katika hali ile. Alipapasa boneti kwa kiganja kabla hatujaondoka. Baada ya Jaribuni, kwenye mpando, injini ilipoteza sauti mbili kati ya nne, ikaanza kutikisika kama mtu mwenye homa, kisha mvuke mweupe ukatoka mbele ukatufunika. Kahindi aliitia rejeta maji yote tuliyobeba. Ilikataa. Jua lilikuwa limeshapanda. Mavyaa alifungua leso yake akamfanyia bintiye kivuli, nami nikakimbia barabarani huku na huku, na barabara ilikuwa tupu, tupu kabisa, hadi lilipotokea lori la mawe lililotupakia. Sidi hakupiga kelele. Alikuwa akiniuliza tu, kila baada ya muda, "Wifi, anapiga?" Mara ya kwanza niliweka sikio nikamwambia anapiga, na ilikuwa kweli. Mara ya pili nilimwambia anapiga. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, nyeusi, zilizolowa. Madaktari walimwokoa mama kwa kumtoa kizazi.

Pikapu ilivutwa na trekta hadi nyumbani. Baba hakutaka msaada. Alifungua hedi ya injini peke yake, boliti moja moja, kwa vidole, akaitoa gasketi akaipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada. Nilimtazama kutoka jikoni. Alirudia mahali pamoja mara nyingi. Jua lilipoinama alikuja akasimama upenuni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni.

"Mwanangu."

"Bee, Baba."

"Gasketi hii haikuungua juzi. Masizi yake yameshakuwa magumu. Ni ya miezi hii." Akaipapasa tena. "Baina ya ya pili na ya tatu."

Nilitazama moto.

"Haya," alisema baadaye, taratibu. "Haya, mwanangu." Alikwenda akaifukia gasketi kwenye shimo la taka, akalisawazisha kwa jembe.

Maneno yalianza matangani kwa mtoto. Mzee Charo ndiye aliyeyasema, na hakuyasema kwa chuki. Aliyasema kama mtu anayepiga hesabu. "Gari lilipimwa mbele yetu. Namba nilizisikia kwa masikio haya. Gari zima halizimiki bure." Watatu sasa wamekufa, alisema, na kila mara damu ni ya nyumba hii. Mwingine akataja macho. Wakajiuliza ni mtu gani ana macho meupe vile na bado anasoma mshale. Hivyo uongo wangu, nilioutamka kumhifadhi asiaibike, ukawa ushahidi kwamba yeye ni mchawi. Lau nisingesoma, angekuwa fundi aliyezeeka. Baada ya wiki moja vijana walikuwa wakipita barabarani wakimwita jina lile mchana kweupe, na jiwe la kwanza likaanguka juu ya bati. Kahindi aliniuliza chumbani, uso umemsawijika, "Uliandika mia na hamsini? Kweli?" Daftari lilikuwa chini ya godoro tulilokalia. Nilisema kweli. Kesho yake, nikichochea moto wa mchana, nilichana ukurasa ule nikautia chini ya chungu, nikaona tisini inapinda, themanini na tano inageuka nyeusi. Uongo wa kwanza niliusema kwa haya. Wa pili niliusema kwa woga, na huo hauna mila ya kuusitiri.

Naye Baba alikuwa na ukweli wote. Angeweza kusimama mbele ya wale wazee aseme: mke wa mwanangu alinisomea vibaya. Hakusema. Siku Sidi aliporudishwa kutoka hospitali, amekonda, alisimama uani akasema bila kupaza sauti, "Mimi sitakaa boma moja naye. Akibaki yeye, naondoka mimi." Babake alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, na masikio yake yalikuwa mazima. Aliinuka akafunga nguo zake. Alikwenda Mariakani kwa mtoto wa dadake, kwenye gereji za malori. Mavyaa alibaki kumuuguza binti, akidhani ni kwa mwezi mmoja. Huko Mariakani, mwaka uliofuata, walikuja madaktari wa macho wakautoa ule ukungu kwa siku moja, akaona tena, akatengeneza malori ya watu hadi uzeeni. Siku moja tu. Nyumbani hakurudi. Hata mavyaa alipokufa wazee walimpelekea habari kwamba asije, na hakuja.

Tulimzika Jumamosi, hapa hapa, maana maiti haogopwi. Wale vijana wa mawe sasa ni wanaume wenye mvi, na wawili wao walibeba jeneza. Baada ya maziko nilimkuta Sidi nyuma ya jiko akisugua masufuria ya matanga kwa mchanga, peke yake. Niliketi kando yake nikachukua sufuria nyingine. Kisha nikamwambia. Sikujieleza. Nilimwambia ya pili ilikuwa tisini, ya tatu themanini na tano, na niliyoyasoma, na ukurasa nilioutia motoni, na kwamba babake alijua akanyamaza.

Aliendelea kusugua. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Miaka yote hii nilimwogopa," alisema hatimaye. "Nilikuwa nikisikia jina la Mariakani nafunga mlango." Aligeuza sufuria akaanza upande wa nje. "Alinitumia leso. Mara tatu. Ya mwisho uliileta wewe."

"Niliileta mimi."

"Zote nilizitupa chooni bila kuzifungua." Mkono wake ulisimama. Alinitazama, na ule mwanya wake ukaonekana, mdomo umebaki wazi kama wa mtoto anayengoja kuambiwa. "Uliyoileta wewe, Kadzo. Ilikuwa imeandikwa nini?"

Leso ile nilipewa imefungwa gazetini kwa uzi. Nilipanda nayo basi kutoka Mariakani nimeiweka mapajani, njia nzima.

"Sijui, wifi," nilimwambia. "Sikuifungua."